Picha ya Kumi na Moja

Kwenye stendi ya Kibiti, Warda alisimama mahali palepale aliposimama kaka yake, begi mgongoni, akainua simu mpaka kibanda cha chai kikaonekana kama kilivyokuwa kwenye picha ya tisa. Zilibaki mbili.

Kaka yake, Twalha, alituma picha kumi na moja katika safari yake ya mwisho. Alianzia Morogoro, mji wa vyuo ambako wote wawili walikuwa wakisoma. Kila likizo, wenzake walipokimbilia makwao, yeye alifunga begi akaenda asikokujua, peke yake. Picha ya kumi ilikuwa ya mikoko. Ya kumi na moja ilikuwa miguu yake mwenyewe, ndani ya boti. Baada ya hapo, miezi minane, kimya.

Warda alishaacha kuomba amkute hai. Alitaka kitu kimoja tu: jina la mtu aliyempakia kwenye boti ile.

Biasha, mwenye kibanda cha chai, aliitazama picha ya Twalha akaikumbuka sura. "Alikula chapati tatu huyu, kisha akanisaidia kuosha vikombe. Aliondoka na bodaboda ya Saidy."

"Na baada ya hapo, mama?"

"Sijui, mwanangu. Na wewe usiulize kwa sauti kubwa hivyo."

Saidy naye alikumbuka. Siku ya kwanza alimzungusha Twalha huko Mtawanya, kijana akapiga picha mikorosho kana kwamba hajawahi kuona mti. Siku ya pili alimshusha Salale, zinakofungwa boti. Alikubali kumpeleka Warda kwa njia hiyohiyo.

"Nani alimpakia?" Warda aliuliza walipofika.

Saidy aliangalia kushoto, akaangalia kulia. "Sijaona," alisema kwa sauti ya chini. Akageuza pikipiki, akaondoka bila hata kuaga.

Warda alikasirika. Alikuwa mwaka wa tatu wa Kiswahili, na hasira zake zilizoea kukimbilia kwenye sarufi. Jambo la miezi minane iliyopita mtu husema sikuona. Hawa hata kudanganya kwa ufasaha hawawezi, alijisemea.

Karibu na maji alimkuta mzee Gharibu akishona wavu. Warda alimwamkia, akampa simu yenye ile picha ya miguu. Mzee aliishika kwa mikono miwili.

"Nani alimchukua kaka yangu, babu?"

"Sijaona," mzee alinong'ona, kidevu akikielekeza majini. Kisha akauinamia wavu wake, na Warda aliporudia swali akajifanya kiziwi.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na watu wa pande zile waliwahi kuumwa, miaka ile ya mauaji. Warda alilijua hilo. Hata hivyo hakuwahurumia. Kaka yake alikula chapati zao, akaosha vikombe vyao, na leo kila mmoja hana macho.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemjia mwenyewe. Alikuwa akikumba maji kutoka kwenye boti yake, akaliacha kopo, akapanda ukingoni akijifuta mikono.

"Mimi Baba Rukaya," alisema kwa upole. "Nina binti wa umri wako. Unamtafuta ndugu yako, sivyo?"

Msimu ule, alisema, yeye alikuwa Mafia, hakumwona kijana huyo. Lakini alisikia kwamba wakata nguzo za mikoko walimwokota mgonjwa mmoja mwenye begi, wakakaa naye kambini kwao, ndani kabisa. Huenda ndiye.

Matumaini ambayo Warda alikuwa ameyazika yalifufuka yote kwa pamoja, na yakamuuma. "Nipeleke, baba."

"Kwenu umemuaga nani?"

"Sijamuaga mtu. Mama ana presha. Nimemwambia niko fildi."

"Umefanya vizuri. Mzazi hatiwi wasiwasi."

Waliondoka saa nne asubuhi. Maji yalikuwa ya tope, na mikoko ilizidi kusogea pande zote mbili. Mtandao ulipokatika, Baba Rukaya alimpa ndoo ndogo yenye mfuniko, atie simu isije ikalowa. Warda akaitia. Ndoo ikawekwa nyuma, karibu na mashine, miguuni pa Baba Rukaya.

Njiani alimsimulia habari za Twalha, jinsi alivyokuwa akicheka akilala, na jinsi mama yao bado anavyompakulia chakula. Alilia bila kuona haya. "Wangekuwa wote kama wewe, baba, ningeshampata zamani."

"Waoga tu hao," Baba Rukaya alisema. "Usiwalaumu."

Mkondo ulikuwa mwembamba sasa, boti ikagusa matope. Baba Rukaya alizima mashine, akaiinua, akashika pondo kuisukuma boti. Warda akasikia matone yakidondoka kutoka kwenye majani.

Palikuwa na upenyo mmoja tu kwenye mikoko, na ndani yake kijaruba cha mpunga. Bibi kizee aliyekuwa akifukuza ndege aliiona boti, akatupa fimbo, akaja mbio hadi ukingoni. Alimtazama Warda. Akalitazama begi lake.

"Sijaona!" alipaza sauti. "Sijaona eee!"

Warda alicheka kwa uchungu. Huyu hata hajaulizwa.

"Naam, shangazi!" akaitika Baba Rukaya, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake, na boti haikupunguza mwendo.