Ngazi Thelathini na Nne

Ulisikia hesabu. Usiseme hukusikia. "Moja. Tulia. Mbili. Tulia." Sauti ilijaa jengo zima asubuhi kweupe, nawe ukaongeza redio. Mlango wako ulifunguka upana wa kidole, jicho likachungulia, likaona wanaume watatu na hodhi la kuogea la chuma, kisha ukafungwa taratibu, kama mtu anayefunika chungu wageni wasione. Basi sikiliza kilichopita mbele ya mlango huo.

Chini ya hodhi alikuwa Jeki. Hilo ni jina la kazi: ukiwa na kitu kizito, unamwita. Alichukuliwa asubuhi hiyo pale kona wanapokaa wabebaji, yeye na mwenzake Kipara. Aliyewachukua ni fundi bomba mmoja mkimya, na sharti lake lilikuwa moja tu: ngazi itahesabiwa kwa sauti. Fundi angetangulia kinyumenyume, kamba mabegani. Wao wangekuwa chini, pua zimegusa chuma, hawaoni wanapokanyaga. Macho yao yangekuwa mdomo wa fundi.

"Tisa. Tulia."

"Fundi, punguza," Jeki akahema. "Unanadi samaki? Majirani watatoka."

"Watoke. Kumi. Tulia."

"Hao hawatoki," Kipara akasema. "Wa kutoka angeshatoka kwenye saba."

Kwenye kona ya ghorofa ya kwanza walilitua juu ya matairi mawili chakavu. Jeki akajinyoosha, uti wa mgongo ukalia. Ukingoni mwa hodhi rangi nyeupe ilikuwa imebanduka, pana kama kiganja, chuma cheusi kikionekana.

"Limegongwa hili," akamwambia dereva aliyelileta, ambaye alikuwa akipanda nyuma yao mikono mitupu, karatasi mfukoni.

"Bosi aliyenituma anajua. Amesema lifike juu leo na sahihi iwekwe."

"Na mwenyewe huko juu hateremki hata kutuangalia?"

Dereva akatazama viatu vyake. "Hateremki."

Jeki akatazama juu ngazini. Mgongo wake umezijua ngazi za watu miaka ishirini na sita, na hajasahau hata nyumba moja. Anamkumbuka bibi aliyewaamuru wavue viatu wasichafue marumaru, wakapanda na kabati kwa soksi, wakiteleza. Anamkumbuka mzee aliyewanyima maji ya kunywa huku wakimpandishia tangi la maji. Maneno ya kuwaambia aliyameza yote. Leo, akaapa, hayamezwi. Huyu wa leo ataambiwa usoni, hata kama ndiyo mara ya mwisho Jeki kuitwa kazini.

"Utanifukuzisha na mimi," Kipara akanong'ona alipoambiwa. "Ndugu yangu, subiri basi siku ambayo sipo."

"Siku hiyo sitakuwa na mgongo."

Wakainama tena. Mikono ilikufa ganzi, jasho likaingia machoni, na milango ikabaki milango. Fundi hakupunguza sauti hata kidogo.

"Thelathini na nne. Tulia. Zimekwisha. Nasema tena, zimekwisha. Mmesikia?"

"Tumesikia."

"Wote wawili?"

"Wote, fundi, kwani tuko kanisani?"

Ndipo akavuta kamba.

Mlangoni alisimama mwanamke mwembamba, vumbi la saruji hadi kwenye nyusi.

"Shemeji, tupishe," fundi akamwambia.

"Piteni, baba zangu. Poleni sana."

Kumbe shemeji yake, Jeki akawaza. Ndiyo maana kazi kaipata. Bafu lilikuwa limebomolewa lote. Mlango umepanuliwa, kizingiti kimeng'olewa, na vyuma vya kushikia vimefungwa ukutani, chini chini, usawa wa paja.

"Mlango wote huu, mama? Bwana mkubwa anaingia kuoga na kitanda chake?"

Mwanamke hakucheka.

"Yuko wapi? Nina neno naye," Jeki akasema.

"Chumbani. Ingia tu, atafurahi. Siku hizi watu hawaji."

Jeki akaingia kifua mbele, maneno ya miaka ishirini na sita yamejipanga ulimini. Fundi na dereva wakamfuata.

Mtu alikuwa amelala chali. Mabega yake yalikuwa mapana, na bega la kulia lilikuwa na sugu ya kamba, palepale ilipo ya Jeki. Chini ya shuka miguu ilikuwa imelazwa sambamba, kama vitu alivyowekewa na mtu mwingine. Hakumtazama Jeki. Alimtazama fundi.

"Leo umehesabu kwa sauti," alisema. "Nimezisikia zote."

"Leo bosi hayupo wa kuninyamazisha kama siku ile," fundi akajibu, macho sakafuni. "Hakuna wageni wake sebuleni wa kusumbuliwa."

Dereva akanyoosha karatasi. Ilikuwa na mstari mmoja: *Nimepokea hodhi la kuogea. Sina dai lingine.*

Aliyelala akaisoma polepole, kisha akageuza uso kule bafuni.

"Ni lile?"

"Ni lile lile lililokuangukia kwenye ngazi zake," fundi akasema. "Bosi kanunua jipya. Nimelipandisha ili uamue mwenyewe."

Hakuweka sahihi. Hodhi linateremshwa sasa hivi, linarudi sebuleni kwa bosi. Kupanda walitosha watatu. Kushuka kunataka wanne. Toka, uje ushike.