Akiba ya Bonge

Bonge aliingia ukumbi wa kliniki ubavu ubavu, tumbo kalibana, mtoto kamkumbatia kifuani. Mlango wenyewe ulikuwa mpana wa kupitisha machela, lakini mtu aliyepita milango hivyo tangu utotoni haanzi leo kupita kama watu wengine.

"Nisogezeeni, mama zangu," aliwaambia wanawake waliokaa kwenye benchi, chini ya bango la LISHE YA MAMA NA MTOTO. "Mzigo unakuja huo. Benchi la serikali lisije likavunjika nikadaiwa mimi."

Walimsogezea. Mmoja alicheka, mwingine akamtazama mwenzake. Bonge akaketi na kuuvuta mtandio wake mpana mpaka kwenye viganja. Aliuvaa kwa hila. Mtu mnene amekuja kuomba unga wa lishe, na hakutaka nesi amkague juu hadi chini halafu aulize chakula cha mtoto kinaishia tumboni mwa nani.

Jina la Bonge alipewa shuleni, na halikumbanduka tena. Hata kwenye kibanda chake cha cherehani wateja waliuliza, "Bonge yupo?" Naye hujibu, "Nitajificha wapi mimi?" Aligundua mapema kwamba ukiwahi kujicheka mwenyewe, wengine wanakosa la kusema.

Wateja nao siku hizi walikuwa wa kutafuta kwa tochi; watu wananunua nguo zilizokwisha kushonwa. Baba wa mtoto alikwenda kutafuta maisha, na huenda aliyapata, maana hakurudi. Sufuria ya jioni ikapungua, na Bonge akaweka utaratibu: mtoto ale kwanza ashibe, kisha yeye akwangue sufuria, kama kuna cha kukwangua.

"Mimi nina akiba mwilini," alimwambia wifi yake huku akijipiga tumbo. "Nikifungiwa mwaka mzima bila chakula, nitatoka na umbo la kawaida."

Wifi hakucheka. "Nenda kliniki, wifi yangu. Nenda wakakupime."

"Wanipime mimi? Kwa mizani gani, ya magunia? Sema wakampime mtoto."

"Nimesema nilivyosema."

Asubuhi alipotoa gauni lake la kutokea, alikuta limelegea tena. Akaongeza pini nyingine ubavuni, kando ya zile za mwezi uliopita. Vitambaa vya siku hizi havina adabu, ukivifua vinapanuka. Fundi mzima, akabaki kukilaani kiwanda.

Sasa zamu yake ilikuwa imefika. Aliposimama, ukumbi ulimzunguka kidogo, akashika ukuta.

"Uzito huu," aliwaambia wa kwenye benchi, "iko siku utaniangusha."

Nesi alikuwa mwanamke wa makamo asiyeinua macho kwenye kazi yake. Mtoto aliwekwa kwenye mizani, akalia. Akalazwa kwenye ubao wa kupimia urefu, akalia zaidi. Kisha nesi akachukua kiutepe cha kupimia mkono, chenye rangi: nyekundu hatari, njano tahadhari, kijani salama.

"Hicho kiutepe!" Bonge alisema. "Mimi hakinitoshi hata kidole gumba."

Nesi alitabasamu, akakizungusha kwenye mkono wa mtoto. Bonge alikodoa macho. Nyumbani palibaki unga usiojaza kikombe, na kimoyomoyo akajikuta anaomba njano. Akajionea haya papo hapo. Mama gani huyo anayeomba mwanawe aonekane ana njaa?

Ilikuwa kijani.

"Huyu hajambo kabisa," nesi alisema. "Ona mashavu! Unamlisha vizuri. Unga tunawapa wenye upungufu, mama, na huyu hana."

Bonge alifurahi mpaka machozi yakamlenga, na hapo hapo akaukumbuka ule unga wa nyumbani. Jioni atapika nini? Akacheka, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoijua zaidi.

"Kamrithi mama yake, nesi. Sisi ni ukoo wa mabonge. Basi ahsante, ngoja niwapishe wenzangu, nimewazibia hewa."

Akainama kumchukua mtoto. Mtoto, ambaye hasira za ule ubao zilikuwa hazijamwisha, aliukamata mtandio kwa mikono miwili akauvuta. Ukaanguka wote sakafuni.

Wale wa kwenye benchi wakaziona zile pini zilizojipanga ubavuni. Nesi akainua macho, akaweka kalamu chini.

"Hebu kaa kwanza," alisema polepole. "Bado unanyonyesha?"

"Nanyonyesha, lakini mtoto si umesema..."

"Nipe mkono, mdogo wangu."

Nesi akachukua kiutepe kile kile cha mtoto, akakizungusha kwenye mkono wa Bonge, juu ya kiwiko. Kiliuzunguka mkono wote, kikakutana, na kipande kikabaki kinaning'inia.