Kitovu cha Bibi Shige

Bibi Shige alifungua kijisanduku cha mbao. Kitovu chake, kilichokatika alipozaliwa na mama yake akamtunzia miaka tisini iliyopita, kilikuwa kimekauka kama ngisi wa kuanikwa.

"Naomba kijipande tu, Bibi," alisema mtafiti kutoka Nagasaki, mkasi mkononi. "Kile kirusi cha ugonjwa wa damu cha watu wa kisiwa chenu kimo humu. Vinasaba vya kirusi kilichomo katika damu zenu leo vinaonyesha kililetwa kisiwani na wakazi wa kwanza kabisa. Hiki cha zamani kitatuonyesha kinabadilika polepole kiasi gani, na hivyo kuthibitisha."

Shige alikitazama. Kwa desturi yao, kilitakiwa kuchomwa pamoja na mwili wake siku atakapokufa.

"Watu wa bara walituita damu chafu. Eti mama zetu walikiokota kwa mabaharia."

Akausogeza mkasi kando, akamsukumia kijisanduku kizima.

"Chukua chote, mwanangu. Kawaambie watu wa bara kwamba hao mabaharia walitukuta tayari tuna kirusi hicho."