Jumamosi kwa Bi Ozite

Kocha Raynard Metoyer alikuwa akimnyoa Claude ndevu simu ilipoita. Alijifuta povu vidoleni, akapokea, akasikiliza.

"Sawa," alisema. "Asante kwa kunijulisha."

Akaiweka simu kando ya beseni na kuendelea na shavu la kushoto.

"Nani huyo?" Bi Ozite aliuliza kutoka jikoni.

"Mkuu wa shule. Wamenifukuza kazi."

"Kwa ajili ya jana?"

"Kwa ajili ya jana."

"Haya. Bamia inakaribia kuiva."

Jana yake ilikuwa fainali ya shule, ya ule mpira wa Kimarekani wa kubeba mikononi. Timu yake ilikuwa nyuma kidogo na muda ulikuwa unayoyoma. Mkimbiaji wake, Jarvis, aliubana mpira kwapani akawapita wote, akabaki kijana mmoja mwembamba kati yake na mstari wa ushindi. Jarvis ni pande la mtu. Angeinamisha kichwa akamvaa yule kijana, angepita. Alikwepa pembeni, akakanyaga nje ya uwanja, na muda ukawa umekwisha. Mji mzima ulirudi nyumbani umeshindwa.

Jarvis alifanya alivyofundishwa. Miaka yote Metoyer aliwaambia wakimbiaji wake neno hilohilo: akibaki mtu mmoja mbele yako na huna njia, toka nje. Wazazi walimwita mwoga. Vijiweni alikuwa Mama Metoyer. Yeye aliendelea kufundisha hivyohivyo.

Kilichowashangaza ni kwamba mwenyewe hakucheza hivyo. Chuoni alikuwa fahali. Waliomwona bado wanasimulia jinsi alivyopenya katikati ya watu, kichwa mbele, na watu wakibaki chini nyuma yake. Timu kubwa za kulipwa zilikuwa zinamsubiri amalize masomo. Kisha, msimu ukiwa katikati na magoti yake yakiwa mazima, alirudisha viatu na kusema basi. Wengine walisema ni pombe, wengine mwanamke. Akaenda kufundisha mpira shuleni. Akaoa, wakaachana. Alishinda ubingwa mara mbili, na siku zote mbili aliupokea ule mkono wa pongezi kama mtu anayepokea chenji dukani.

Adhuhuri, gari lilisimama nje kwa kishindo. Alikuwa Tyrell, kocha msaidizi, kijana mwenye damu moto. Shuleni ilijulikana kwamba Jumamosi Metoyer huenda mashambani kwenye miwa kumtazama kaka yake mgonjwa. Hakuwahi kusema hivyo mwenyewe, wala kukanusha.

"Kocha, twende kwa wajumbe wa bodi sasa hivi," Tyrell alisema kabla hajafika mlangoni. "Wachezaji wako tayari kugoma. Sema neno moja tu."

"Hapana."

"Hata hasira huna?"

Metoyer alifikiri kidogo, kama mtu anayejipapasa mifuko akitafuta funguo. "Sina," alisema.

"Ingia ule, mwanangu," Bi Ozite alimwambia Tyrell. "Hasira haipiti na njaa koo moja."

Claude alikuwa sebuleni, kwenye kitanda kilichosogezwa karibu na televisheni. Alikuwa mtu mrefu, amefunikwa shuka hadi kifuani, na kilichosogea kwake kilikuwa kichwa tu. Metoyer aliketi ukingoni mwa kitanda na bakuli la wali na bamia, akaanza kumpa kijiko baada ya kijiko, akipuliza kwanza.

"Wewe ndiye kocha mdogo?" Claude alimuuliza Tyrell. "Nimewaona jana. Yule mtoto alikuwa na nafasi, bwana. Angemgonga tu."

"Najua," Metoyer alisema.

"Ndiyo. Wewe unajua," Claude alisema, akafungua mdomo.

Tyrell alikwenda jikoni kusaidia kubeba sahani. Ukutani palikuwa na picha ya Claude akiwa kijana, amevaa jezi, kofia ngumu ya mchezo kwapani, anacheka.

"Kumbe naye alicheza," alisema. "Kocha hajawahi kutuambia."

"Haongei sana."

"Alikuwa mkimbiaji pia?"

"Huyu? Huyu mwanangu alikuwa anawaangusha hao wakimbiaji wenu," Bi Ozite alisema, na sauti yake ikachangamka kidogo. "Mwembamba hivyo hivyo, lakini hakumkimbia mtu. Ndivyo alivyoumia. Jitu lilimjia kichwa mbele, na yeye akasimama palepale. Shingo ikavunjika."

"Pole, mama."

"Nimeshapoa."

Tyrell alisimama na sahani mikononi. Hasira ya asubuhi ilikuwa bado inatafuta pa kutua.

"Na huyo mtu," alisema, "aliwahi hata siku moja kuja kumwona?"

Bi Ozite alitazama sebuleni kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Huyo hapo," alisema, "anamlisha."