Wimbo Unaokwama

Redio ya mji ilirudi hewani siku ya gulio, baada ya miaka mingi ya ukimya. Zawena, mtangazaji wake wa tangu mwanzo, aliifungua kwa wimbo uleule wa roki uliokuwa ukifungua matangazo enzi zile. Kizito, fundi mitambo, alikuwa amemtafutia santuri mpya, safi kabisa.

Gita lilipolia tu, gulioni chini ya dirisha watu walipiga vigelegele. Washona viatu waliweka nyundo chini, wauza nyanya wakaingia barabarani, na kila redio ikaongezwa sauti hadi mwisho. Walicheza vizuri mpaka ubeti wa pili. Hapo wote waliinua mguu wa kushoto wakaruka, wakaruka tena palepale, lakini wimbo ukawaacha ukaenda zake. Wakagongana. Wakatazama juu dirishani.

"Zawena!" mama mmoja akafoka. "Tulidhani redio yetu imerudi! Wimbo wetu huwa unakwama hapo!"

Zawena alicheka hadi akashika meza. Santuri ya zamani ilikuwa na mkwaruzo, na kila asubuhi sindano ilikwama hapohapo. Mji mzima ulikuwa umejifunza kucheza hivyo.

"Kizito, ile ya zamani iko wapi?"

"Dada, nimeifunikia mtungi wa maji."

"Ilete, mbio!"

Kizito alipoileta, Zawena aliifuta kwa khanga, akashusha sindano. Gita likalia. Ubeti wa pili ulipofika, gulio zima, mama yule akiwa mbele, likainua mguu wa kushoto, likangoja.