Jicho la Fundi Mihuri

"Pasipoti, tafadhali. Zote mbili," alisema yule mrefu, na mwenzake mfupi akajisogeza nyuma yao kuziba njia.

Fundi mihuri na mkewe walisimama. Walibakiza mitaa miwili tu kufika hospitali, na ndani ya kikapu alichoshika mkewe mlikuwa na nguo za mtoto ambaye Mungu akipenda wangempakata leo. Binti yao alishikwa na uchungu tangu alfajiri. Mimba zake mbili za kwanza ziliharibika wazazi wakiwa nchi nyingine, wakilia naye kwa simu. Safari hii mama aliapa kwamba hata mbingu zishuke, mtoto huyu atapokewa na bibi yake.

Na mbingu nusura zishuke kweli. Mtoto alichelewa, siku thelathini walizopewa kukaa nchini zikakaribia kwisha, usingizi ukamhama mama. Fundi ndiye aliyeingia ofisi ya uhamiaji. Alimwacha mkewe kwenye benchi la nje, kwa kuuogopa ulimi wake. Juzi akamwonyesha muhuri mpya ndani ya kila pasipoti: nyongeza ya wiki tatu. Mama aliubusu ukurasa mpaka wino ukamgusa mdomo.

Sasa huyu mrefu alikuwa amenyoosha mkono, na hakuwa na sare.

"Kitambulisho chako kwanza, mwanangu," alisema mama. Majirani huko kwao walimpachika jina la Wakili, maana hapajatokea mtu wa kumshinda kwa maneno.

Siku waliyofika, mkwe wao aliwaketisha sebuleni akawapa somo refu la utapeli wa mjini. Wasipande teksi ya mtu anayewavuta mkono. Wasimwachie mgeni mzigo eti awasaidie. Mtu akiokota pochi mbele yao na kuwaita wagawane, waendelee na safari yao. Na wakisimamishwa na askari asiye na sare, wasitoe pasipoti barabarani, waseme twendeni kituoni. Askari wa kweli atakwenda, tapeli atakumbuka ana shughuli. Fundi alisinzia katikati ya somo. Wakili alilikariri lote, akawa analirudia hata akiosha vyombo.

Yule mrefu alipitisha kadi mbele ya macho yao, haraka kama anayefukuza nzi, akairudisha mfukoni. Akasema ni ukaguzi wa wageni na wasipotoa pasipoti watajuta.

"Basi twendeni kituoni," Wakili akasema. "Tutawaonyesha huko huko."

"Kituoni hatuendi," fundi akadakia.

Sauti ilimtoka kali kuliko alivyokusudia. Mkewe aligeuka kumtazama. Miaka thelathini na minne ya ndoa, hakuwahi kukatizwa mbele za watu. Fundi akameza mate, akasema binti anawasubiri, kituoni watashinda kutwa nzima. Jasho jembamba lilimtiririka mgongoni. Yule mfupi aliliona hilo, akatabasamu.

"Mzee ana busara," alisema. "Tumalizane hapa hapa."

Wakili aliukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili. Pasipoti zilikuwa humo, zimefungwa kwa leso, na ilikuwa wazi kwamba atakayezitaka atapambana naye. Fundi alijua mkewe akianza kupaza sauti, mtaa mzima utajaa. Akamwomba yule mrefu, kwa adabu yote, amwonyeshe tena ile kadi.

Mrefu akasita, akaitoa. Fundi akaisogeza karibu na pua. Alikuwa amechonga mihuri ya shule, ya zahanati, ya mahakama na ya makanisa mawili yasiyosalimiana, na huu uliopigwa kwenye kadi aliusoma kwa mtazamo mmoja. Herufi zilibanana upande wa kushoto kama abiria waliochelewa. Aliyeuchonga alianza bila kupima.

Ni matapeli. Moyo ulimtulia ghafla, karibu amkumbatie yule mrefu.

"Mke wangu amesema kweli," akasema, na safari hii sauti ilikuwa tulivu. "Twendeni kituoni. Tena tuwahi."

Wale wawili wakatazamana. Mfupi akakumbuka wana kazi mtaa wa pili, mrefu akapokonya kadi yake, na kufumba na kufumbua walikuwa wameshakata kona.

"Njia ya mwongo ni fupi," Wakili alisema. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akamsifu mumewe, akampangusa jasho kwa kanga yake. Fundi alicheka pia. Akachukua kikapu, akamhimiza waongeze mwendo.

Lakini mkewe alikuwa ameshamwona askari wa kike, mwenye sare kamili, akiongoza magari kwenye njia panda. Fundi alimshika mkono, akamwambia yamekwisha, waachane nayo, mtoto anakuja. Wakili akaung'oa mkono wake.

"Leo sisi tumepona. Kesho watamkamata mama mwingine asiyejua."

Askari alisikiliza kwa makini. Akamwita mwenzake ashike njia, akatoa daftari, akaomba pasipoti ili aandike majina yao sawasawa. Wakili alifungua leso yeye mwenyewe, akazikabidhi kwa mikono miwili.

Askari aliandika jina la kwanza. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine, kisha kalamu ikasimama. Akaupeleka ukurasa kwenye mwanga.

"Muulize mume wangu," Wakili alisema kwa fahari. "Muhuri wa kughushi haumpiti huyu."

Fundi alihamishia kikapu mkono wa pili. Alikuwa akitazama upande wa hospitali. Muhuri ule aliuchonga yeye, kwa kisu cha jikoni cha binti yake, kwenye soli ya kandambili, siku ile ile ofisi ya uhamiaji ilipomkatalia.