Waya wa Chini ya Ngazi

Koleo la fundi lilipouma waya wa kwanza, mjane aliruka utadhani ameumwa yeye.

"Huo wa nini?" akauliza.

"Wa kengele ya zamani, mama. Ulishakufa huu." Fundi aliuvuta ukutani, vumbi likamwagika sakafuni, akauviringisha na kuutupa kwenye gunia. "Faiba ya intaneti imeshaingia, hizi za shaba ni takataka tu. Mwanao kaniambia nisibakize hata mmoja."

Mwanawe alikuwa ng'ambo. Ndiye aliyelipia faiba, eti waonane uso kwa uso badala ya kusikilizana kwa simu ya mkononi inayokatikakatika. Mjane alishukuru, tena kwa moyo. Ila hakuna aliyemwambia kwamba nyaya za zamani zitang'olewa.

Shida ilikuwa ile simu ya mezani pale sebuleni.

Nyumba ilikuwa ya ghorofa. Chini alikaa yeye, juu alikaa wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Marehemu alikuwa fundi wa simu, na enzi zake aliweka laini moja yenye simu mbili, moja juu, moja chini. Ukiinua mkonga wa huku, unamsikia anayezungumza kule. Siku hizo lilikuwa jambo la kutaniana tu.

Kisha akafariki. Msibani, mbele ya watu, wifi mtu akapasuka: "Ungemwahisha hospitali, kaka yangu angekuwa hai!" Ulimi hauna mfupa, jamani, lakini ule ulimvunja mjane mifupa. "Usinibishie hodi tena maisha yako yote," alimjibu, na wifi akatii. Tangu hapo walipishana ngazini kila mmoja akitazama ukuta wake.

Upweke usiuombe. Alasiri moja mjane alisikia kiti kikiburuzwa kule juu, krrr, akajua wifi anaketi penye simu. Akauinua mkonga taratibu. Ndiyo, ni udaku, tuuite kwa jina lake. Lakini sauti ile ilikuwa na kicheko cha marehemu ndani yake, ikamshika. Hakukosa tena hata alasiri moja. Kiti kikiburuzwa tu, mkonga uko sikioni na pumzi ameibana.

Huko alikokuwa akipiga, wifi alikuwa na rafiki, sijui nani. Alimwita "mwenzangu" tu. Sauti ya huyo mwenzangu haikuwahi kufika chini. Mjane alilaumu uchakavu wa nyaya. Alimsikia wifi peke yake, akisimulia majirani waliogombania kamba ya kuanikia, akinyamaza, akicheka, kisha akiuliza, "Dawa ya presha umekunywa, mwenzangu? Usiniambie umesahau." Mjane naye alikuwa na presha, na mara nyingi aliikumbuka yake hapo hapo.

Kuna siku wifi alilia. "Msibani nilisema upumbavu, mwenzangu. Nitazikwa nao." Mjane alipandwa na hasira. Kumbe anajua kuomba radhi! Tena kwa mtu baki, na mwenye kidonda yuko hapa hapa chini! Aliubwaga mkonga kwa kishindo, halafu akashikwa na hofu kwamba amesikika. Kesho yake kiti kiliburuzwa kama kawaida, naye akarudi kusikiliza.

Sasa fundi alikuwa amesimama juu ya simu ile ile.

"Na hii je?"

"Hiyo iache."

"Kwani unampigia nani, mama?"

"Simpigii mtu."

"Inalia?"

"Haijalia siku nyingi."

Fundi aliufuata waya kwa kidole mpaka mlangoni. "Ahaa, inagawana laini na ya juu. Loo, hapa mdaku angefaidi!" Akacheka peke yake.

Mjane aliona kabisa akilini fundi akipanda juu na mzaha wake, na wifi akielewa. Aibu gani hiyo, kwa uzee huu! Na hata fundi akinyamaza, waya ukikatwa, alasiri zote zitabaki bubu. Hakujua kipi kinamuuma zaidi.

"Mwanangu, nakuomba. Kata yote mengine, huo niachie."

"Na yule mama wa juu naye kanifukuza, simu yake nisiiguse. Mna nini nyinyi na makorokoro haya?"

Akachuchumaa chini ya ngazi, pale wifi alipozoea kupekuapekua eti akitafuta ufagio, akafungua kisanduku cha nyaya na kukimulika kwa tochi. Akafuta vumbi kwa kidole.

"Mama, hii laini ilikatwa kule barabarani zamani sana. Ona, ncha zimeota kutu ya kijani. Haiendi kokote. Inashuka kutoka juu, inaingia kwako, basi."

"Haiwezekani. Mbona nasikia..." Akajiuma ulimi.

"Kusikia utasikia. Kuna betri humu zinaipa nguvu." Fundi alizigusa kwa ncha ya koleo. "Na si za zamani hizi, ni mpya kabisa. Nani anazibadilisha?"

Juu, kiti kikaburuzwa.

Mjane alirudi sebuleni, akaketi, akauinua mkonga. Wifi alikuwa ameshaanza: leo kuna fundi mkorofi anataka kuwang'olea nyaya, kamtimua. Kisha akauliza, "Dawa umekunywa, mwenzangu?" Akanyamaza, kama alivyonyamaza siku zote.

"Bado, wifi," mjane akasema. "Shuka. Bisha hodi."